Mkanda wa Sandukuni

Naisula alikuwa fundi cherehani pale Karatu, karibu na soko, na kazi yake ilikuwa kuchukua makoti ya jinzi ya mtumba na kuyatungia shanga mgongoni. Vijana wa mjini waliyagombania. Watalii ndio usiseme. Mtu mmoja tu hakuwahi kuyasifia wala kuyaponda: mama yake, Nailantei, yeyo kwa Kimaasai chao, kule Nainokanoka. Kila akipelekewa koti, mama hulitazama, hulikunja, hulirudisha, kisha huuliza kama Karatu mvua imenyesha. Jamani, afadhali matusi! Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwenye cherehani zake mbili, alikuwa radhi kuzitoa sifa zote za Karatu apate neno moja la mama huyu.

Basi kaka yake alipotangaza harusi, Naisula akaamua kulitafuta neno hilo kwa nguvu. Chini kabisa ya sanduku la bati la mama aliwahi kuona mkanda wa shanga, kazi ya usichana wake: buluu na nyeupe, na kila baada ya upana wa kidole kimoja, shanga mbili za rangi ya chungwa zilizotenganishwa na nyeusi. Aliupiga picha kwa simu. Mkanda haukuwa umekamilika. Shanga zilikoma katikati, uzi ukabaki unaning'inia. Naisula akaona ni uvivu wa ujana tu. Akauiga wote mgongoni mwa koti lake mwenyewe, na pale ulipokoma akapamalizia, vidole vinne hivi, kwa ufundi ambao hata yeye aliuonea fahari.

Alijua kwamba mabinti wa Kimaasai huwatungia morani mikanda. Na morani wa mama angekuwa nani kama si baba? Ndivyo anavyokuwa mtu aliyepelekwa shule ya bweni akiwa na miaka saba. Msichana yeyote wa bomani angemwambia: mkanda unamtungia unayempenda, mume unaletewa na wazee.

Siku ya harusi wazee walikuwa wameketi nje ya boma kwenye vigoda vyao. Naisula, amelivaa koti lake, akapita akiwainamishia kichwa wamguse, kama ilivyo adabu. Baba yake, mzee Tobiko, akamgusa. Akafuata mzee Sankale, jirani wa boma la pili, rika moja na baba, kwa hiyo naye humwita papa, yaani baba. Naisula akainama, akangoja. Mkono haukuja. Ulikuwa umesimama hewani, na mzee akiutazama mgongo wa koti.

"Nani katunga hili?" aliuliza.

"Mimi, papa. Nimeiga mkanda ambao yeyo alimtungia baba enzi za umorani."

Mzee Tobiko akaweka kikombe chini. "Mimi sijawahi kuvaa mkanda wa rangi hizo," alisema, bila hasira, kama anayeulizwa kuhusu ng'ombe asiye wake.

Wazee wengine ghafla wakaona kitu cha kutazama kule milimani. Naisula akaelewa yote kwa mkupuo mmoja, masikio yakamwaka. Lahaula, amemvua mama yake nguo mbele ya watu!

Nailantei alikuwa papo hapo na birika la chai. Angeweza kusema hajui, na hakuna ambaye angembishia.

"Ni wangu," alisema. "Sikuumaliza. Ng'ombe wa mahari waliletwa kabla."

Akammiminia Sankale chai, akammiminia mumewe, kipimo kilekile, akaenda zake. Ndipo Sankale akamgusa Naisula kichwani, kidogo tu, na harusi ikaendelea.

Asubuhi yake Naisula alikuwa akilisokomeza koti kwenye begi, mama akaingia, akaketi kitandani, akanyoosha mkono. Naisula akampa.

"Nisamehe, yeyo. Nilidhani…"

"Rangi umezipatia," mama alisema.

Neno lenyewe hilo! Miaka yote hiyo kulingoja, limekuja siku ambayo hana hata uso wa kulipokelea.

"Ila hapa umeongopa."

Mama akatoa wembe kwenye pindo la shuka, akaanza kukata uzi wa vile vidole vinne. Shanga zikamdondokea mapajani mojamoja, mpaka akafika pale alipokomea mwenyewe akiwa na miaka kumi na sita. Hapo akaacha, uzi ukining'inia. Akazikusanya shanga, akamwekea bintiye kiganjani.

"Hizi anza nazo mkanda wa baba yako. Hajawahi kutungiwa na mtu."

Kisha akalivaa koti juu ya shuka, akafunga vifungo vyote, maana Nainokanoka asubuhi ni baridi, akatoka kwenda kukamua. Mzee Tobiko alikuwa amesimama mlangoni. Akasogea kumpisha, akautazama mgongo wake mpaka alipoingia zizini.