Majina Yaliyobaki Kushoto

Simu ya Marangu iliita asubuhi, duka likiwa limejaa wateja, na Mzee Sadalla akaiweka sauti ya nje kwa sababu mikono yake ilikuwa imekumbatia jora la kitenge. Ndiyo maana kila mtu alisikia.

Mama Elieshi hakupiga kelele. Alieleza polepole kwamba robota la sare za sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake kabla ya harusi, limefika, wakalifungua siku ya kugawa, mbele ya mashangazi wa bwana harusi, akina mama wameshaanza kuimba. Kikatoka kitenge cheusi chenye maua ya zambarau.

"Mwanangu anakwenda kuolewa, Sadalla," alisema. "Ninyi mmemletea nguo za kuzikia."

Simu hiyo haijapoa ikaingia nyingine, kutoka Same. Huko kuna ukoo uliokuwa unamaliza msiba wa bibi yao, na wao wamepokea kijani na dhahabu inayomeremeta. Walidhani kuna mtu anawacheka.

Duka la Mzee Sadalla liko Kariakoo, jirani na Mtaa wa Msimbazi, na kazi yake ni kuuza vitenge vya sare kwa jumla na kuvituma mikoani. Basi akaitwa Rogath, kijana aliyewatengenezea mfumo wa oda. Alifika na bodaboda, shati limelowa jasho mgongoni.

Rogath ni mtoto wa Kilimanjaro, lakini kakulia Kariakoo hiyohiyo, kwenye duka la baba yake upande wa pili wa mtaa, akilala mchana juu ya majora. Kasoma kompyuta chuoni. Yeye ndiye aliyezitoa oda za Mzee Sadalla kwenye meseji zilizokuwa zinapotea na kuziweka kwenye jedwali moja, unalifungua kwenye mtandao na kila kitu kiko hapo. Shida ni kwamba Mzee Sadalla hakukaukiwa mawazo. Leo anataka ionekane rangi ya pili, kesho jina la fundi, keshokutwa basi litakalobeba, simu ya dereva, mtu wa kupokea stendi. Kila akiomba, Rogath anachomeka safu nyingine, na Mzee anamwambia, kwa jina la utani la watu wa Kilimanjaro, "Mangi, wewe ni noma." Rogath alipenda kuambiwa hivyo. Jedwali likazidi kwenda kulia, kulia, mpaka Sitara, dada anayekaa nalo kutwa nzima, akaliita mkeka.

Na Sitara alikuwa amemwambia. Si mara moja. Alimwambia kwamba aina ya kitenge iko mbali kule kulia, na kuifikia lazima avute, na akivuta jina la mteja linazama kushoto. Anabaki na mistari ya rangi tupu isiyo na wenyewe, akishikilia mstari wake kwa kidole kwenye kioo. Rogath alimjibu kwamba atazoea. Siku nyingine akamwambia ataangalia. Nyumbani kwake Sinza alikuwa na skrini pana kama dirisha, mkeka wote unakaa humo kuanzia jina mpaka dereva, hakuna cha kuvuta. Kompyuta ya Sitara ilikuwa ndogo, ya zamani. Kwenye kiti cha Sitara Rogath hakuwahi kukaa.

Sasa Mzee Sadalla akamuuliza swali moja, mbele ya wateja na wapagazi.

"Mangi, ni mashine au ni mtu?"

Sitara alisimama kwenye kona ya kaunta. Hakumtazama bosi wake, alimtazama Rogath. Rogath akafungua kompyuta yake, akautafuta mstari wa Mama Elieshi. Kijani na dhahabu. Imeandikwa sawasawa. Chini yake tu, watu wa Same, nyeusi na zambarau.

"Mfumo hauna tatizo, mzee," alisema. "Kilichoandikwa ndicho kinachoonekana. Mtu kachanganya mstari wa juu na wa chini."

Hakuna neno la uongo humo. Ndicho kilichokuja kumuuma baadaye, kwamba hakusema hata uongo mmoja.

Hashimu, mkubwa wa wapagazi, akatia utani wake. Akasema wamachinga wa hapo nje wana miwani ya bei poa, achangiwe dada. Watu wakacheka, na Rogath akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepona. Mzee Sadalla akamwambia Sitara aende nyumbani apumzike mpaka atakapoitwa. Kila aliyefanya kazi Kariakoo anajua mapumziko hayo ni ya namna gani. Sitara akaweka sawa mtandio, akachukua mkoba, akatoka.

"Haya, wewe unayejua kusoma," Mzee Sadalla akamwambia Rogath, "kaa hapo. Mizigo ya leo haiwezi kusubiri."

Akakaa. Kiti kilikuwa bado na joto.

Haikuchukua muda akapiga mteja wa Babati, Mama Caroline, anataka kuhakikisha kitenge chake. Rogath akaliona jina, akaweka kidole, akavuta. Jina likaenda zake. Akavuta tena, hajafika. Mpagazi akamuuliza robota la Singida liko wapi, akageuka kumwonyesha, akarudi, akasoma kwa kujiamini: bluu ya bahari, maua meupe. Mama Caroline akasema hapana baba, mimi niliagiza ya rangi ya udongo. Rogath akarudi kushoto, akalitafuta jina upya, akavuta kwa uangalifu, huku amekaza macho. Kufika kule akawa hajui yuko mstari gani. Mistari yote inafanana. Jicho lilikuwa limeteleza chini bila kumwambia, kama mguu unaodhani ngazi zimekwisha.

"Macho yamechoka, mwanangu," Mama Caroline alimwambia, akacheka, akamsamehe hapohapo.

Rogath aliangaza pembeni kuona kama kuna aliyesikia. Hakuna. Sitara alifanya kazi hii kutwa, kila siku, watu wakimwita huku na huku, na amekosea mara moja. Yeye aliyeufuma huo mkeka kwa mikono yake hakumaliza hata simu ya kwanza.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kibaya zaidi. Alinyamaza. Alifungua kompyuta yake, akaligandisha jina pale kushoto, hata ukivuta mpaka mwisho wa dunia jina linabaki na mstari wake. Akasogeza kitenge na rangi zikae ubavuni mwa jina. Mambo ya fundi na dereva akayaficha, yatoke ukiyabonyeza. Akatia kivuli mstari mmoja, akaruka mmoja, na mstari unaougusa ukawa njano. Kazi aliyomwahidi Sitara tangu mvua za masika aliimaliza chai yake ikiwa bado ya moto.

Mzee Sadalla akaja, akainama, akavuta. Jina halikuondoka.

"Umeona akili?" akawaambia waliokuwepo. "Hii sasa hata Sitara asingekosea."

"Asante, mzee," Rogath alijibu.

Asante hiyo haikuwa haki yake. Maana sasa ule mkeka haupo tena. Hakuna atakayeuona, hakuna atakayeuliza, na Sitara atabaki kuwa msichana asiyejua kusoma mstari. Akakiacha kikaratasi cha mzigo alichokuwa anaandika. Akaaga kwamba anatoka kidogo.

Alimkuta Sitara kwao Ilala, kibarazani, anachagua mchele kwenye ungo, mama yake pembeni. Rogath akatoa shikamoo kwa mama, akaitikiwa, akapewa kigoda. Akayasema yote, mpaka ya Mama Caroline, mpaka ile asante. Alisema akitazama viatu vyake. Sitara hakuacha kuchagua.

"Nilikwambia," alisema mwishowe.

"Uliniambia. Nisamehe, dada Sitara."

"Kwani hapa ndipo uliponisemea?" Akatupa jiwe uani. "Ulinisemea dukani, watu wamejaa, ukacheka nao. Hapa unamsemea nani? Mama yangu hajawahi kuniona kipofu."

Mama mtu akainuka, akaingia ndani taratibu, akawaacha. Rogath akanyanyuka, akarudi dukani.

Duka lilikuwa limejaa kuliko asubuhi. Alitamani kungojea watu wapungue, akasimama mlangoni karibu na muuza kandambili, akajiona anavyohesabu vichwa. Ndipo akamwona Sitara ng'ambo ya barabara, amekuja nyuma yake, amesimama juani. Akaingia.

"Mzee," alisema, na sauti ikatoka ndogo, ikabidi aanze upya. "Mzee, asubuhi nilisema ni mtu. Mtu mwenyewe ni mimi."

Akaeleza. Hashimu akauliza kama na yeye achangiwe miwani, na duka likacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha asubuhi, ila sasa Rogath ndiye aliyekibeba. Mzee Sadalla hakucheka. Aliomba aonyeshwe mkeka wa zamani, nao Rogath alikuwa ameuhifadhi. Mzee akaweka kidole kwenye jina la Mama Elieshi, akavuta, akavuta, akasoma kwa sauti. Nyeusi na zambarau, oda ya watu wa Same.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu kwa muda mrefu. Kisha akamtuma Hashimu amwite yule dada anayeungua na jua huko nje, na kiti kipishwe.

Sitara akaingia, akakaa. Hakumwangalia mtu. Akavuta jedwali mpaka mwisho, akalirudisha, akalivuta tena.

Rogath alidhani yamekwisha, lakini Mzee Sadalla alikuwa anabonyeza simu.

"Mzigo sahihi nimeshaupandisha basi," alisema. "Ila Marangu wanajua ni Sitara. Niliwaambia mimi kwa mdomo wangu. Sasa waambie wewe." Akamkabidhi simu, sauti ya nje, ikiwa tayari inaita.

Mama Elieshi akapokea.

"Shikamoo, mama," Rogath alisema.

Marahaba ilichelewa kuja.