Kila Siku Anakaa

Shemeji yangu Anyesi alijifunza Kiingereza akitwanga uwele. Hakuwa na muda mwingine wa kujifunza. Alfajiri alitoka Ihumwa kwenda mjini kufagia vyumba vya nyumba ya wageni iliyokuwa ya serikali, jioni alirudi miguu imevimba, na uwele unamngoja kinuni. Nyumba ile ilikuwa imeuzwa, miaka ile ambayo kila kitu kiliuzwa, na mwenye mali mpya alisema atabaki na wale tu wanaoweza kuzungumza na mgeni kwa Kiingereza. Wengine waende kwao.

Nilimfundisha mimi. Sikuvuka darasa la saba, lakini Kiingereza nilikichukua mwenyewe, magazetini na redioni, kama nilivyochukua vina na mizani, wala sikumwomba mtu ruhusa. Nikaona kitenzi cha mambo ya kila siku kina mapigo yake. Ukisema mimi, wewe au wao, kinabaki kilivyo. Ukimsema mtu mmoja aliye pembeni, kinaongezewa s mwishoni. Basi nikamwambia mchi uangukie pale pale kwenye s. "I work, you work, my husband works." Pu.

Kaka yangu Batholomeo, mumewe, aliyasikia yote akiwa kwenye benchi mlangoni. Alikuwa karani wa ghala hadi walipopunguza watu, na tangu hapo benchi lile lilikuwa lake.

"Mwalimu," aliniita jioni moja, "huyo mume wa Kiingereza bado ana kazi?"

"Bado anayo, kaka."

"Ana bahati."

Anyesi hakucheka. Aliinua mchi.

Siku ya usaili nilimsindikiza, nikasimama barazani kando ya dirisha. Meneja mpya, mama mmoja aitwaye Frida, aliuliza kwa Kiingereza habari za vyumba, maji ya moto, saa ya chai. Anyesi alijibu polepole, kila s mahali pake, nami kifua kikanijaa. Kisha akaulizwa mume wake anafanya kazi gani. Jibu lile tulikuwa tumelitwanga hadi likalainika. Akanyamaza. Nikagonga ukuta kwa kidole, pigo la mchi, kumkumbusha.

"My husband sits," akasema. "Every day he sits."

Nilijua amekwisha. Halafu nikamsikia yule mama akisema kwa Kiswahili, sauti imechoka kama ya Anyesi mwenyewe: "Wote waliokutangulia wamesema waume zao wanafanya kazi. Sijui mji huu una ofisi ngapi." Akamwambia aje Jumatatu, akae mapokezi.

Tulirudi Ihumwa. Nilitaka kumuuliza kwa nini aliuacha mstari wangu. Nilipoutazama mgongo wake, nikaacha.

Batholomeo alimpa hongera palepale alipoketi. Kisha akauliza:

"Waliniulizia?"

"Waliuliza."

"Ukasemaje?"

Anyesi alikuwa ameshavua viatu. "Nilisema unafanya kazi."

"Na Kiingereza kilinyooka?"

"Kilinyooka."

Kaka akanigeukia mimi, mwalimu. Nikaitikia kwa kichwa. Akasogea upande mmoja wa benchi ili mkewe apate mahali, lakini Anyesi alishapita kwenda kinuni. Alitwanga bila kutamka neno, na mapigo yalikuwa yale yale.