Maneno Yaliyokatwa Saa Kumi na Moja

Mama Kanyere alifika kwenye redio ya Beni akiwa bado na vumbi la barabara ya Mutwanga kwenye kitenge chake. Alimkuta Jemima Kahongya, fundi wa mitambo, anakunja waya za maikrofoni, akamuuliza kama ni yeye anayepiga ule muziki unaowakata watu maneno.

Jemima alidhani ni msikilizaji aliyekuja kulalamika, na wa aina hiyo hawakukosa. Akamvutia kiti. Mama akakaa kwenye ukingo tu, kama mtu ambaye hajaja kukaa, akaanza kueleza.

Kila alasiri redio hiyo ilipokea kipindi kutoka redio rafiki ya Butembo kwa njia ya mtandao. Watu waliopotezana wakati wa kukimbia vita walitaja majina yao, nani wanamtafuta, na mahali walipo. Saa kumi na moja kamili kompyuta ya Beni yenyewe, bila mkono wa mtu, ilifunga laini ya Butembo na kuanzisha muziki wa kufungulia habari. Jemima ndiye aliyeipanga hivyo, na moyoni alijivunia kazi hiyo.

Siku walipokimbia mashamba, Mama Kanyere alishika njia ya chini na watoto wadogo. Binti yake Mélanie alikuwa sokoni. Tangu hapo hakuna aliyemwona. Mama alizoea kuegemea ukuta wa jirani mwenye redio kila alasiri, mpaka jirani akawa anamwekea kigoda. Na juzi alikuwa ameisikia sauti.

"Alisema, 'Mimi ni Mélanie, mutoto wa Kanyere wa Mutwanga. Niko muzima. Niko ku…' Kisha muziki ikaingia," mama alisema. "Ku wapi, binti yangu? Ile tu njo nilikuya kuuliza."

Jemima alitaka kusema ni mtandao, maana mtandao husingiziwa mengi na hauwezi kujitetea. Lakini mtandao ukikatika huacha kelele au ukimya, hauanzishi muziki. Akampigia Kambere, mwenzake wa Butembo, mtu mzima ambaye yeye humwita yaya, yaani kaka mkubwa. Kambere alitafuta sauti iliyorekodiwa, akaisogeza karibu na simu, na Jemima akaiweka simu yake kwenye kipaza sauti.

Msichana alitaja jina lake. Akasema ni mzima. Akasema yuko Kasugho, kwa familia moja ya parokia, analima nao, na kama mama yuko hai ajibu kwenye redio.

Mama Kanyere aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Hakulia, alishika tu ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Kwa hiyo Butembo tangazo lilikuwa zima, Beni lilifika nusu. Kambere alisisitiza kwamba hajawahi kupitisha saa. Macho yake hayatoki kwenye saa ya kompyuta. Jemima akamwomba asome saa yake, naye akasoma ya kwake. Zilipishana karibu dakika tatu. Kila mmoja akamngojea mwenzake akubali kosa. Mama Kanyere, akitaka kusaidia, akatoa simu yake kifuani akaisoma pia: ilikuwa mbele yao wote kwa saa nzima. Huko kwao, chini ya mlima, simu hunasa minara ya Uganda na kufuata saa ya huko. Jemima alijikuta akicheka, na mama naye akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu aingie.

Hapo ndipo Jemima alipoketi kuichunguza mashine yake mwenyewe. Kompyuta ile ilitakiwa kila mara kuuliza saa kwa kompyuta kubwa zinazotunza saa, kupitia mtandao. Akakuta kwamba tangu walipobadilisha modemu, maswali yalikuwa hayatoki nje ya jengo. Kwa miezi mashine iliuliza, haikujibiwa, ikaendelea kujihesabia sekunde peke yake, na hesabu yake ilikuwa ya haraka kidogo. Haraka ya siku moja haionekani. Ya miezi ilitosha kumeza tangazo zima.

"Yaya, ni yangu inakimbia," alimwambia Kambere.

Kambere akasema hata yake haiko safi. Batri ndogo ya ndani ilikwisha kufa. Kila umeme ukikatika saa inapotea, na yeye huirudisha kwa kutazama saa ya mkononi. "Mimi minabaki nyuma, weye unapita mbele," alisema. "Na batu banaanguka katikati."

Mama Kanyere alitaka kujibu siku hiyohiyo. Kambere alirekodi sauti ya mama kwenye simu, na wakapatana kwamba kabla ya kipindi mashine mbili ziwe na saa moja. Jemima alifungua njia kwenye modemu, na Kambere naye akaelekeza mashine yake iulize palepale inapouliza ile ya Beni. Mama alitaka kujua jambo moja: kama jibu linatoka mbali hivyo, si linafika limeshachelewa?

Jemima alilipenda swali hilo. Akamweleza kwamba mashine hukumbuka ilipouliza na ilipojibiwa. Ile ya mbali nayo husema ilipokea swali lini na ikajibu lini. Hapo inajua njia imekula muda gani, inaugawa nusu kwa kwenda, nusu kwa kurudi, na kujirekebisha.

"Donc, basi inahesabia hata safari," mama alisema.

"Njo hivyo, mama."

Hakuirudisha saa nyuma kwa mara moja, maana vipindi vilivyokwisha kupigwa vingeanza tena. Aliiacha ipunguze mwendo, sekunde zake zikawa ndefu kidogo kuliko za kweli, mpaka wakati uifikie. Ilichukua muda mrefu wa mchana. Mama alikula ndizi alizokuja nazo akatazama zile namba kama mtu anayechunga sufuria.

Sauti yake ilipigwa mwanzoni mwa kipindi: jina lake, jina la Mélanie, na kwamba wadogo wote wako salama. Lakini jicho la Jemima lilikuwa kwenye mwisho. Aliyefunga alikuwa mzee wa Kanyabayonga akimtafuta ndugu yake. Alizungumza polepole, akarudia mahali alipo, akaaga. Kukawa na ukimya mfupi. Kisha muziki.

"Wasingya kutsibu," Mama Kanyere alimshukuru kwa Kinande mlangoni, akaenda kutafuta pickup.

Mélanie hakusikia tangazo mwenyewe. Alilisikia mama wa ile familia, akiwa anachambua maharagwe, akatoka mbio hadi shambani kumwita. Wiki iliyofuata alishuka Butembo juu ya lori, na Kambere akampakia kwenye gari la Beni. Walikutana uani pa redio. Jemima aliwatazama kupitia dirisha, kisha akaona aibu ya kutazama, akageukia kazi.

Kazi ilikuwepo. Kambere alikuwa ametunza sauti za vipindi vyote, na wawili hao walianza kuzisikiliza moja moja, wakitafuta tangazo la mwisho la kila siku ambalo Beni ililikata. Waliyapiga upya matangazo hayo kila asubuhi, yote, na Jemima akataja hewani kwamba kosa lilikuwa la saa za redio mbili. Wachache walipata jibu. Wengi hawakupata, na hakuna aliyeweza kusema kama ni kwa sababu ya kuchelewa au la.

Siku moja Kambere alipiga simu kuhusu tangazo la mama mmoja. Kila kitu alichotaka kusema kilikuwa kimeshasikika Beni. Kipande kilichokatwa kilikuwa na maneno machache tu: ni hayo tu, asanteni, mubaki na Mungu.

"Hii nayo tuipige?" aliuliza. "Iko bure, hapana na kitu ndani."

"Tuipige, yaya," Jemima akasema. "Aliisema."