Mvumaji wa Delphia Mbele ya Kamati

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, asubuhi, Verlin Stamper akiwa jikoni kwake na kahawa iliyokwisha kupoa, pale ndege asiyetambuliwa na kamati alipokuja kuelea barazani. Alikuwa mdogo kama kidole gumba, rangi ya kutu, na alikuwa anaichunguza ndoano tupu.

Ndoano, si chupa. Chupa ya maji ya sukari iliyokuwa ikitundikwa hapo ilikuwa kabatini tangu Februari, walipomzika Delphia, mkewe. Huku milimani Apalachia, mashariki ya Marekani, kila mwenye akili zake hushusha chupa ya wavumaji, ndege hawa wadogo wanaokunywa wakielea hewani, mwanzo wa Septemba. Watu wanaamini toka enzi za babu zao kwamba ukiiacha, ndege watanogewa, wasahau safari ya kusini, wafe kwa baridi. Delphia hakuamini. Aliiacha mpaka theluji, akaiwekea balbu pembeni isigande, na watu wakapata cha kuongea baada ya ibada.

"Delphia, hao ndege utawafumia na sweta?" Burl, jirani yao, alikuwa anamuuliza.

"Nitawafumia, Burl. Nikishamaliza kukushona wewe mdomo."

Novemba ya mwaka uliotangulia, 2022, wakati wavumaji wetu wa koo jekundu wako zao Meksiko wanakula maisha, Delphia alimwona huyu wa rangi ya kutu, ndege wa magharibi, ng'ambo ya nchi nzima. Akampiga picha kwa simu kupitia dirishani, akaituma kwa kamati ya jimbo inayohakiki ndege adimu. Kamati ni watu tisa wenye darubini za bei ya trekta. Wakakaa, wakapiga kura, wakajibu: taarifa haikukubaliwa. Ndege huyo ana mwenzake wa California wanaofanana kama mapacha, tofauti yao iko kwenye manyoya ya mkia, na pichani mkia ulikuwa umekunjwa. Kosa la Delphia, kwa kweli. Angemwomba ndege ageuke, aufungue mkia, na ikiwezekana atabasamu.

Jibu lilimkuta kitandani, ugonjwa umekwisha kumla nusu.

"Wanasema nimeona nini?" aliuliza.

"Wanasema hujaona."

"Haya," alisema Delphia, akageukia ukutani.

Sasa jina lake liko mtandaoni, kwenye ukurasa wa taarifa zilizokataliwa, ulimwengu mzima usome, chini ya bwana mmoja aliyeripoti flamingo ambaye baadaye alionekana ni wa plastiki, wa bustani ya jirani. Hicho tu ndicho Verlin alichokuwa anakitaka duniani: jina la mkewe litoke kwenye ukurasa ule.

Kwa hiyo asubuhi ile, ndege alipokuwa anaizunguka ndoano tupu kama mteja aliyekuta duka limefungwa, mtu mwenye busara angechukua simu apige picha. Ndege mgeni anajuaje kwamba hapo huwa pana chupa? Verlin alifanya kile ambacho Delphia angefanya: alikimbilia sukari. Kikombe kimoja, maji vikombe vinne, koroga, poza, tundika. Alipokumbuka simu, ndege alikuwa anakunywa kwenye chupa, kama ndege yeyote anavyokunywa kwenye chupa yoyote. Ushahidi wote wa ndoano tupu ukabaki ndani ya kichwa cha mzee mmoja aliyeishia darasa la nane.

Alimpigia Coralie Haupt, mwanamke mwenye kibali cha serikali cha kuwavisha ndege pete za miguuni zenye namba, ili wakirudi watambulike. Kesho yake akafika na tundu la waya. Akaitia chupa ndani, mlango akaufunga uzi wa kuvulia samaki, wakajificha nyuma ya kochi la barazani. Ndege akaingia, uzi ukaachiwa, mlango ukajifunga. Coralie akamshika kama mtu anavyoshika yai, akatoa mrija wa soda, akaanza kumpuliza tumboni.

"Unampoza, binti?"

"Naangalia mafuta, Mzee Verlin. Mwenzetu kanona kunishinda."

Akamfungua mkia kama kipepeo, akapima, akapiga picha. "Ni wa rangi ya kutu. Hapa hakuna ubishi." Kisha akautazama mdomo kwa lenzi. "Laini kabisa. Walioanguliwa mwaka huu wana mikwaruzo mdomoni. Huyu mama mwaka jana alikuwa hai."

"Na amekuja moja kwa moja kwenye ndoano isiyo na kitu."

"Hurudi. Yupo mmoja nilimkamata miaka mitatu mfululizo, bustani ileile."

"Basi ndiye."

Coralie aliibana pete ndogo kama punje ya mtama kwenye mguu wa ndege. "Mimi naamini ndiye. Lakini mwaka jana hakuwa na pete, mzee. Kuamini ni kwangu, kamati inataka ithibitishwe."

"Angekuwa na pete kama ungekuja."

"Ningekuja kama kamati ingekubali taarifa."

"Na kamati ingekubali kama angekuwa na pete."

"Karibu kazini kwetu," alisema Coralie, akafungua kiganja, ndege akaondoka.

Wiki ile baraza lilijaa wageni wenye kamera ndefu kama bomba la jiko. Walikula pai yote ya mke wa Burl, wakamsifu Verlin kwa jicho lake kali. Kamati nayo haikukawia. Kura tisa kati ya tisa, imekubaliwa. Aliyemgundua: Verlin Stamper. Ya Delphia ikabaki palepale, chini ya flamingo wa plastiki.

Verlin akampigia simu mwenyekiti, Prescott Voss, mtu wa sauti nyororo.

"Hongera sana, Bwana Stamper!"

"Futeni jina langu. Andikeni la mke wangu, kwa mwaka jana."

"Natamani ningeweza. Shauri lile limefungwa."

"Lifungueni."

"Kanuni inaruhusu, kukiwa na ushahidi mpya. Na mdomo ule laini, kwa maoni yangu, ni ushahidi mpya." Verlin akasimama wima jikoni. "Ila ombi lazima lije na sahihi ya aliyeleta taarifa mwenyewe. Mtu mwingine haruhusiwi. Tuliiweka hiyo kuzuia usumbufu."

"Mwenyewe yuko nyuma ya kanisa la Wabaptisti, Bwana Voss. Hasumbui mtu."

"Pole sana. Hilo kanuni haikuliwaza. Niandikie swali lako, nitalipeleka kwenye kikao."

Wamekaa kikao cha Machi. Wamekaa cha Juni, wakala keki, wakapiga picha ya pamoja, na Coralie aliyekuwepo anasema swali la mzee lilisomwa kwa sauti, watu tisa wasomi wakalisogeza mpaka kikao kijacho. Liko mezani kwao mpaka leo, vilevile Verlin alivyoliuliza: mtu mliyemwambia hajaona, akafa nalo, aje kwa njia gani kuwawekea sahihi?