Cheka Kwanza, Fumua Baadaye

Kinyozi ndiye aliyepiga simu. Alianza kwa kucheka, maana mtaa mzima ulishazoea kumcheka fundi cherehani wa mlango wa pili, na fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa akijicheka kabla ya wote.

"Nesi, baba yako kaja asubuhi nikamnyoa. Saa sita kasoro karudi, kakaa kwenye kiti, anataka nimnyoe. Nikamwambia, mzee wangu, nikipitisha tena mashine hapa nitanyoa mawazo." Kinyozi akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Hakucheka, dada. Alijipapasa kichwa, akaniuliza nani kamnyoa."

Nesi akashukuru, akakata simu, akarudi wodini kubadilisha dripu ya mgonjwa. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kukunja uso mpaka kazi iishe, na kazi yenyewe haikuwahi kuisha. Alitoa wapi tabia hiyo, Mungu ndiye ajuaye, kwa sababu wazazi wake walikuwa watu wa kucheka mpaka majirani wagonge ukuta.

Mtaani waliitwa wengi mafundi, lakini Milimita alikuwa baba yake peke yake. Jina hilo alipewa kwa heshima, kwa kuwa suruali zake hazikukosea hata milimita moja, na kwa kejeli pia, kwa kuwa zilipokosea zilikosea kwa mita. Miaka thelathini na moja alifanya kazi na mkewe katika chumba kimoja kinachotazama barabara. Mke alipima na kutaja namba kwa sauti, mume akakata. Hakuandika. Namba zinaingia sikioni zinatokea mkononi, ndivyo alivyojisifu mbele ya wateja, na mkewe alikuwa anaziandika kimyakimya kwenye daftari ili mtu asije akaumbuka.

Juu ya meza ya kukatia ilipita kamba, kutoka dirishani hadi mlangoni, na kwenye kamba vipande vya nguo vilibanwa kwa pini. Kila kipande kilikuwa kosa. Cha kijani ni cha suruali ya mwalimu iliyotiwa zipu nyuma. Cheupe ni cha shati la mwimbaji lililotoka na mikono miwili ya kushoto. Sheria waliiweka wenyewe: aliyekosa anachukua kipande kwenye masazo ya vitambaa, anakibana kambani, anasimulia kosa lake tangu mwanzo, na mwenzake lazima acheke kabla hajatamka neno. "Cheka kwanza, fumua baadaye," mama alikuwa akisema huku akijifuta macho, na baba anajibu, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Nesi hakuwahi kuona kinachochekesha. Kitambaa cha mtu kimeharibika, na watu wazima wameshika mbavu. Alikuwa akikaa pembeni na vitabu vyake, akiwanunia.

Mama alifariki miezi saba iliyopita. Tangu hapo kamba haikuongezwa hata kipande kimoja.

Jumamosi Nesi akaenda dukani. Alimkuta baba yake anapekua droo.

"Shikamoo baba. Unatafuta nini?"

"Marahaba mwanangu. Miwani."

"Umeivaa."

"Hii najua nimeivaa. Natafuta ile ya kutafutia hii."

Alitania, ila macho yake hayakutania. Chumba kilinuka kuungua. Kwenye meza palikuwa na alama nyeusi ya pasi iliyozama ndani ya mbao, na mtu yeyote angejua kwamba pasi hiyo iliachwa hapo muda mrefu. Nesi akainama kuokota chaki iliyoanguka, akaona gunia chini ya meza. Akalivuta.

"Acha hilo," baba akasema, lakini lilishafunguka.

Ndani mlikuwa na makosa ya miezi saba. Kola isiyo na shati. Gauni la mtoto lenye tundu moja la mkono. Sketi iliyoshonwa na kuzibwa chini, kama foronya. Mengine yangemchekesha hata hakimu. Baba alikuwa ameyaficha kama mtoto anavyoficha shuka aliyokojolea.

"Mbona hukuyaweka kambani?"

"Nimsimulie nani?" baba akasema. "Nikisimulia peke yangu nikacheka peke yangu, watu watasema nimeshikwa na wazimu. Na labda kweli."

Nesi akavuta kiti, akakaa. Maneno aliyokuja nayo aliyapanga njia nzima, na sasa aliyatoa kwa sauti yake ya wodini. "Baba, tufunge duka. Uje ukae kwangu. Leo imeungua meza, kesho utaungua wewe."

"Hapa mimi ni fundi. Huko kwako nitakuwa nani? Mgonjwa wako?"

Baba akaivua tepu shingoni akaikunjua. "Ijumaa si unakabidhiwa wodi, uwe mkubwa wao? Nitakushonea gauni la siku hiyo. Likikukaa, usinitajie tena habari ya kufunga. Lisipokukaa, funguo ni zako."

Alimpima mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani, maana wanawake walipimwa na mama. Alitaja kila namba, akairudia, akaiandika kwenye ukurasa mpya wa daftari kwa tarakimu kubwa. Nesi alizitazama namba moja moja. Zote zilikuwa sahihi. Alipotoka alijikuta anaomba moyoni gauni limkae, yeye aliyekuja kulifunga duka.

Alhamisi alasiri akarudi. Gauni lilikuwa la buluu, limepigwa pasi, linaning'inia mlangoni, na mshono wake ulikuwa mzuri kuliko wa duka lolote la mjini. Nesi akaingia nyuma ya pazia. Likapita kichwani, likapita kifuani kwa shida, likabana nyongani. Zipu ikapanda nusu, ikakataa. Yeye alikuwa mrefu na mpana kwa upande wa babake. Mama ndiye aliyekuwa mdogo hivi.

Kisha akaona bega. Bega la kushoto la gauni lilisimama juu ya lile jingine, kama mtu anayesema sijui kwa upande mmoja. Akatia vidole ndani akakuta pedi, vitambaa vilivyoshonwa vikapandana, na hapo akajua. Mama yake alianguka ngazini akiwa msichana, mfupa ukaunga vibaya, na bega lake la kushoto likabaki chini. Kila nguo aliyovaa tangu aolewe mumewe alimtilia pedi upande huo. Mtaani hakuna aliyewahi kujua.

Alipochungulia kwenye pazia, daftari lilikuwa wazi mezani, kwenye ukurasa wake, na tarakimu zake kubwa zote zipo.

"Toka nikuone," baba akaita.

Akatoka. Baba akamjia na pini mdomoni, hata usoni hakumtazama. Akaweka kiganja juu ya bega la kushoto, akalibonyeza taratibu, kama alivyofanya miaka thelathini na moja. "Limekaa," akanong'ona katikati ya pini. "Bega hili bwana."

Kiganja kikabaki pale. Kikabonyeza tena. Chini ya pedi palikuwa na bega lililonyooka. Baba akainua macho, akamwona ni nani aliyevaa. Akaanza kutoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Nilikupima wewe," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nikaandika."

"Uliandika."

"Mkono haukusoma."

Akasimama ameinamisha kichwa. Wodini Nesi alijua la kuwaambia wazee wa namna hii na watoto wao, alishalisema mara nyingi. Hapa lisingefaa kitu. Alijua baba anangoja nini, na alijua kwamba duniani hakuna mwingine aliyebaki wa kumpa.

Kicheko cha kwanza kilitoka kama kikohozi. Alikuwa hajazoea. Kisha akajiona kwenye kioo, mkubwa wa wodi mtarajiwa, zipu wazi mgongoni, bega moja linauliza swali, na kicheko cha pili kikamshika chenyewe. Kilikuwa na kamlio mwishoni, kamlio ka kicheko cha mama. Baba akashtuka akainua uso. Akacheka naye. Walicheka mpaka kinyozi akagonga ukuta, na katikati ya kucheka Nesi akalia, kilio alichokiweka miezi saba kwa kuwa daima palikuwa na dripu ya kubadilisha.

Baba akachukua kipande cha buluu kwenye masazo, akakibana kambani. "Palikuwa na fundi," akasimulia, "alimpima binti, akamshonea mama mtu. Basi." Akachukua wembe. "Haya, geuka nifumue."

"Hili halifumuliwi, baba."

Baba akauweka wembe chini. Akaenda kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, akarudi na funguo. "Ahadi ni deni."

"Baba, habari ya kufunga nilikuwa natania."

"Wewe hujawahi kutania tangu uzaliwe."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Si unasemaga?"

"Koleo lilivunjika siku tuliyomzika mama yako. Mimi nilikuwa nashika chuma kwa mkono mtupu." Akamfumbatisha vidole juu ya funguo. "Pokea, mwanangu. Pokea nikiwa bado nakumbuka kwa nini nakupa."

Akapokea. Alipata alichokitaka, na kilimuuma kuliko jambo lolote aliloshindwa.

Hakulivua gauni. Alizungusha sweta lake chini ya makwapa, akalifunga kifuani kuficha zipu, wakafunga duka, wakashika njia, baba amebeba kamba aliyoikunja na vipande vyake vyote. Walipofika mahali pa kuvuka barabara, mwanamke mmoja aliyesimama karibu akamgusa Nesi kwa upole.

"Dada, samahani. Bega lako moja limepanda."

"Najua," Nesi akamwambia. "Ni la mama."