Mtu Aliyenilaza

Binti yangu alikuwa daktari, na hospitali ilimtaka achague ubingwa kabla mwezi haujaisha. Yeye alitaka usingizi, yaani kuwalaza wagonjwa wanaopasuliwa na kuwalinda mpaka waamke. Mama yake alitaka awe mpasuaji.

"Usome miaka yote hiyo uje kulaza watu?" mama yake alimuuliza. "Hata mimi nilikulaza wewe, tena bila cheti."

"Ulinilaza, mama, lakini nilikuwa napumua mwenyewe."

"Na kelele ulikuwa unapiga mwenyewe."

Wakanigeukia mimi. Nikawaambia mimi nina bucha, na kwangu aliyelazwa haamki. Wakaachana na mimi.

Mwezi huo binti alipewa nafasi ya kufanya kazi chini ya daktari wa usingizi wa pale, mzee mfupi ambaye wauguzi walimwita Bundi kwa sababu hasinzii. Ni jina baya ndani ya hospitali, lakini mwenyewe alilipenda. Ikatokea kwamba ngiri yangu, niliyoivumilia kwa ubishi tu, ilinizidi nikiwa na paja la ng'ombe begani, nikapangiwa kupasuliwa hapohapo. Bundi alimwambia binti yangu asiniguse. Asimame kando, mikono nyuma, aangalie.

Nakumbuka taa kubwa. Kisha nakumbuka wodi, mdomo mkavu kama ngozi iliyoanikwa, na mke wangu amekaa na chupa ya chai ambayo sikuruhusiwa kuigusa. Mpasuaji akaja, akainua bandeji, akaridhika. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

"Daktari, umeniokoa. Mungu akuzidishie."

Alipoondoka akaja mzee mfupi, akauliza kama koo linauma, kama nasikia kichefuchefu. Nikamjibu, kisha nikamuuliza yeye ni nani.

"Mimi ndiye niliyekulaza."

"Sisi hatujaonana, bwana."

"Tumeonana, na tumepiga soga. Umenieleza namna wauza nyama wanavyofanya ili nyama ya jana ionekane ya leo."

"Siwezi kumwambia mtu jambo hilo."

"Umeniambia. Dawa ndiyo imefuta." Akacheka, akapima mapigo yangu, akaenda zake.

Binti yangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Yeye hakucheka.

"Baba, presha yako ilishuka," alisema. "Katikati ya upasuaji. Mpasuaji aliambiwa asimamishe kazi. Huyo mzee ndiye aliyeirudisha, na wewe unamshukuru aliyekuwa amesimama tu."

"Ilishuka mpaka wapi?" mama yake akauliza, sauti tayari imepanda.

"Mama, si kitu, ilirudi."

"Kama si kitu unakisemea nini?"

Kwenye kitanda cha jirani alilala fundi bomba ambaye angepasuliwa kesho yake, ngiri kama yangu. Alikuwa amesikia kila neno. Akaketi, akaanza kutafuta viatu.

"Mimi narudi nyumbani," alisema. "Hii yangu nimeshaizoea."

Muuguzi akaenda kumwita Bundi. Mzee akaketi kitandani kwa fundi, akaongea naye habari za mabomba yanayovuja mpaka jamaa akavua viatu. Kisha akamfuata binti yangu. Alishusha sauti, lakini mimi nilikuwa palepale.

"Uliyasema kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, daktari."

"Mimi sikukutuma." Hakusema kwa ukali. "Kesho huyo fundi utamlaza wewe. Mimi nitasimama nyuma yako."

Mama yake alipoondoka na fundi aliposinzia, nilimwambia binti yangu nilivyoona. Kazi ile anaiweza, lakini si yake. Tangu mdogo, akiosha sahani mbili, nyumba nzima lazima ijue.

"Baba, huo ulikuwa utoto."

"Haya. Kesho si mbali."

Kesho yake fundi alilazwa, akapasuliwa, akarudi salama. Mpasuaji alipopita, fundi alimshukuru mpaka akatokwa na machozi. Halafu akaja binti yangu, akamuuliza habari za koo na kichefuchefu. Jamaa alimjibu vizuri tu, akidhani ni nesi. Binti yangu akasema sawa, akatoka. Nikadhani nimekosea. Mara nikasikia viatu vyake vinarudi.

"Mimi ndiye niliyekulaza," alimwambia fundi. "Ulikuwa unaogopa, ukanishika mkono."

"Aa," fundi akasema. "Asante, dada." Akafumba macho.

Binti yangu akaja kuketi ukingoni mwa kitanda changu. Alikaa muda akimtazama yule fundi anavyopumua.

"Ningejizuia mpaka lini?" alisema. "Kwa watu elfu ngapi?"

Hakuwa ananiuliza mimi.

Aliomba ubingwa wa upasuaji. Mama yake alitangaza ushindi kwa majirani kana kwamba yeye ndiye aliyeshika kisu. Bundi alipopewa habari alisema ni sawa, ila amepoteza mwanafunzi mzuri, kisha akaenda kumuuliza mgonjwa aliyefuata kama amekula chochote asubuhi.