Jeti Aliyoitaka Mama

"Injini itaungua, Mama," fundi wa pikipiki alimwonya mama yake. "Tundu la jeti ya kabureta likiwa dogo mno, petroli inapita kidogo na joto linazidi."

"Bora iungue injini, mradi mwendo upungue, kuliko nimzike mwanangu," mama akamkatiza. Kitinda mimba wake aliendesha pikipiki kama mwenye kichaa, na maonyo yote yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Basi fundi, roho ikimsuta, akaifungua kabureta ya pikipiki ya mdogo wake, akatoa ile jeti ya shaba, akafunga nyingine yenye tundu jembamba zaidi. Mdogo mtu akaambiwa imesafishwa tu.

Jumamosi alirudi akiisukuma pikipiki, kiwiko kimechunika, suruali imelowa damu.

"Kaka, injini imejamu ghafla mteremkoni, gurudumu la nyuma likagoma! Nimeponea chupuchupu. Angekuwa fundi mwingine ndiye aliyeigusa, ningemtilia shaka."

Fundi akamtazama mama. Mama alikuwa amepiga magoti, anamfuta mwanawe damu. Akainua uso.

"Wewe," akamwambia fundi mbele ya mdogo wake, "umemfanya nini mwanangu?"